Hii Si Pilipili ya Doto

Vijana wangu, wengi wenu mnaponitumia ujumbe wa kuomba ushauri mnaanza vizuri, shikamoo mzee, habari za Mpanda, halafu mnaharibu. Mnasema mnataka kulima ile pilipili ya Doto. Nikifika hapo naiweka simu mezani. Mke wangu huuliza kuna msiba wapi, nami humjibu hakuna msiba, kuna mjinga mwingine tu. Nikishamaliza chai na moyo kutulia ndipo najibu. Leo nawajibu wote kwa pamoja ili chai zangu zipone.

Biashara ya pilipili niliianza nikiwa na nywele nyingi na nimestaafu nikiwa na upara. Nimelima Kasekese, nimeanika hapa nyumbani Makanyagio, nimetwanga, nimesambaza kwenye vibanda vya nyama choma, kwa wauza chipsi, kwenye baa na kwa mama ntilie wa sokoni. Kwa muda mrefu mtu akitokwa machozi mezani katika mji huu, mkono wangu ulikuwemo. Na katika kazi yote hiyo nilitaka kitu kimoja: ile pilipili kali kupita zote, iliyozaliwa uani kwangu, iitwe kwa jina langu. Utajiri sikuutaka sana. Nilitaka jina. Mtu ashuke kwenye basi la kutoka Sumbawanga au Tabora, aulize pilipili ya Mzee Kalisto inapatikana wapi. Badala yake wakawa wanaulizia ya Doto. Ndiyo, nilikuwa na wivu, na bado ninao, sifichi.

Lakini mmetaka kujifunza kazi, basi tuanze na mikono. Pilipili haiogopi maji. Siku ya kwanza nilipotwanga pilipili kichaa nilinawa kwa maji matupu, tena haraka haraka, nikaenda msalani. Sitaeleza zaidi. Wanaume mtanielewa, na majirani wa wakati ule walinisikia. Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, na kwa kuwa mkwe hasogelei mambo ya namna ile, alisimama nyuma ya nyumba akamtuma binti yake, yaani mke wangu, aniletee mafuta ya mawese. Mafuta kwanza, alikuwa anaagiza kwa sauti ya kutosha kufundisha mtaa mzima, halafu sabuni, maji mwisho. Ndivyo nifanyavyo mpaka leo. Ukali wa pilipili hukubali kuondoka na mafuta, maji huyadharau.

Yule mama ndiye mwalimu wangu. Alikuwa Mrundi wa Katumba, aliletwa nchini akiwa bado binti mdogo, wazazi wake wakikimbia vita. Alinisimulia kwamba wenzao walikimbia na vyungu na magodoro, mama yake yeye alikimbia na mbegu za pilipili amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Wao wanaiita urusenda. Alinifundisha kuchuma pilipili na kikonyo chake, maana kikonyo kikichomoka tunda linaoza kabla halijakauka. Alinifundisha kuanika juu ya kichanja, sio chini, kwa sababu mteja wa nyama choma akisikia mchanga kwenye jino harudi tena. Tunda likikaribia kukomaa, alisema, linyime maji kidogo, likiteseka linakasirika, na hasira yake ndiyo biashara yako.

Na alinifundisha jambo ambalo nyie vijana mnalicheka. Pilipili haitoki mkononi kwenda mkononi. Ukimpa mtu pilipili mkono kwa mkono, mtagombana. Unaiweka kwenye stuli, au mezani, au hata juu ya jiwe, na mwenzako anaiokota mwenyewe. Nilidhani ni mambo ya kwao, nikakuta Wakonongo wenzangu wa Inyonga wanayo desturi hiyo, Wafipa wanayo, na Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao wanayo. Niliivunja mara moja tu. Nilimpa mwenye baa mmoja fungu la pilipili mkononi, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeshikana mashati kwa sababu ya kiti. Sisemi kwamba ni pilipili ilituponza. Hata hivyo kiti chenyewe kilikuwa changu.

Sasa niwaeleze asili ya hii mnayoitaka, na msome polepole.

Uani kwetu, pale maji ya bafuni yanapotokea, uliota mche ambao hakuna aliyeupanda. Upande mmoja wa ua nilikuwa na pilipili mbuzi, upande wa pili mke wangu alikuwa na urusenda wa mama yake, na nyuki walikuwa wanatembelea pande zote mbili bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtoto wao ndiye ule mche. Majani yalikuwa mapana, na tunda lilikuwa baya la sura, limekunjamana, lina vipele, na chini lina kamkia kembamba. Lilitoka kijani likapita kwenye rangi ya chungwa na kuishia kwenye wekundu mzito. Ukilikata, ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu ulikuwa umejaa mpaka kwenye kuta. Wengi wenu mnadhani ukali uko kwenye mbegu. Uko kwenye utando ule, mbegu zinapakwa tu kwa kukaa nao jirani.

Mke wangu anaitwa Mama Skola, kwa jina la binti yetu wa kwanza Skolastika. Yeye ndiye aliyekata kipande cha ukubwa wa ukucha akakitia kwenye sufuria ya maharage, siku tuliyokuwa na wageni wa jumuiya. Mwanzoni watu walikula kawaida. Pilipili nyingine inabisha hodi kwenye ulimi. Hii iliingia kimya, ikakaa, ikasubiri mtu ameze, ndipo ikaanza kazi. Mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa ameanza sala ya kushukuru chakula, alinyanyuka kabla ya amina akaenda kukaa nje na mdomo wazi, anaupepea ulimi kwa kitabu cha nyimbo. Tukampa maji, yakazidisha. Mama Skola akampa maziwa mgando, akapona. Lakini harufu yake, vijana wangu. Inanukia embe lililoiva vizuri, na ndiyo sababu watu hurudia kosa. Mimi palepale nilijua kwamba hii si pilipili ya mchezo. Sikusema kwa sauti, ila moyoni tayari nilishaiita Pilipili Kalisto.

Hapo ndipo anapoingia Doto.

Doto ni Msukuma. Baba yake aliteremka huku kutoka kaskazini akiswaga ng'ombe, lakini yeye mwenyewe aliona afadhali kuwachoma kuliko kuwafuata porini. Alikuwa na kibanda cha nyama choma karibu na stendi, na alikuwa mteja wangu mkubwa. Ni mrefu, mcheshi, ana sauti ya kuita watu wa upande wa pili wa barabara. Doto akisema habari za asubuhi, watu wanacheka. Mimi nikisema habari za asubuhi, watu wananijibu nzuri. Kwa hiyo wivu wangu kwake ulianza hata kabla ya pilipili, na niliuvumilia kwa sababu alikuwa analipa vizuri.

Muda mfupi baada ya ile siku ya maharage nilikwenda Inyonga kumzika mjomba wangu. Nikiwa huko Doto akaja nyumbani kuchukua mzigo wake wa kawaida. Mama Skola akamwonyesha lile tunda jipya, akaweka machache juu ya stuli, Doto akayaokota akaondoka nayo. Niliporudi mke wangu aliniambia hayo kama habari ndogo, katikati ya habari za kuku aliyepotea na za bomba la maji. Mimi nilirudi na homa, nikalala kitandani, wala sikuona ubaya wowote.

Msimu uliofuata nilikuwa napita stendi na baiskeli nikaona ubao mpya kwenye kile kibanda. NYAMA CHOMA NA PILIPILI YA DOTO, kwa rangi nyekundu. Chini yake, kwa herufi ndogo, Mwenye wivu ajinyonge. Doto ameapa mara nyingi kwamba maneno yale ya chini yaliongezwa na fundi wa rangi ili kujaza nafasi. Labda. Mimi niliyasoma nikajua yameandikwa kwa ajili yangu. Niliegesha baiskeli, nikakaa, nikaagiza nyama, nikachovya. Ilikuwa ile ile ya uani kwangu, na embe lake. Machozi yalinitoka, na watu wakadhani ni ukali.

Nilimwuliza mbele ya wateja wake, nani alikupa mbegu hii. Doto aliacha kisu, akafikiri kwa heshima kabisa.

"Hakuna aliyenipa, mzee. Niliokota kwenye stuli."

Na ulikuwa ukweli mtupu. Pale ndipo desturi ya mama mkwe iliponikamata shingoni. Tangu lini pilipili ikatolewa? Pilipili inaachwa, na mwenzako anaokota. Wazee waliokuwa wanakula pale walitikisa vichwa kumkubalia. Hakuna mtu duniani anayeweza kusimama akasema nilimpa fulani pilipili, labda awe anatafuta ugomvi. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, pilipili usiyoila yakuwashia nini. Nikamwambia naila, ndiyo hii iko mdomoni.

Basi nikaanza maisha ya wivu, na nawaambieni ni kazi ya kutwa. Niliacha kumuuzia Doto nikidhani atakuja kunipigia magoti, kumbe nilikuwa nimejifukuzia mteja. Nilibadilisha njia ya kwenda sokoni ili nisiuone ule ubao, nikawa nazunguka kwenye vumbi kwa hiari yangu. Vijana wa bodaboda wakaanza kushindana pale kibandani, anayekula nyingi bila kunywa maji analipiwa nyama, na wenzao wanawarekodi na simu. Video hizo nilitumiwa na kila ndugu niliye naye. Mpwa wangu wa Dar aliniandikia akiniuliza kama namfahamu huyo Doto wa Mpanda. Nilimjibu namsikia sikia.

Nikapaka ubao wangu mwenyewe hapa mlangoni, PILIPILI HALISI YA KALISTO. Watu walipita, wakasoma, wengine wakaingia. Wa kwanza kuingia aliuliza hivi, samahani mzee, hii ndiyo ile ya Doto? Ubao ule baadaye tuliufanya mlango wa banda la kuku.

Mama Skola wala hakusumbuka. Nikilalamika alikuwa anapeta mchele. Alikuwa akiniuliza kama ikiitwa ya Doto inapungua kuwasha, nami nilimwambia yeye ni mwanamke, hajui mambo ya jina. Aliendelea kupeta. Kila mwaka alikuwa akizunguka pale uani akifungafunga vipande vya chandarua chakavu kwenye matawi ya pilipili, na mimi nilikuwa napita na hasira zangu.

Chandarua hicho kina maana yake, na hili mlishike kuliko yote. Pilipili kali haina uaminifu. Ukiipanda karibu na pilipili mbuzi za kawaida, nyuki watachanganya. Tunda la mwaka huo halitaonyesha kitu, litakuwa kali vile vile, nawe utafurahi na kutunza mbegu zake. Ukizipanda mbegu hizo ndipo unapotokea ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo ua likiwa bado halijafunguka, livike kipande cha chandarua, litikise taratibu lijichavushe lenyewe, na likishika tunda ulifunge uzi wa rangi ili lijulikane kuwa ni la mbegu. Usichague tunda kubwa zaidi. Chagua lenye mkia na lenye vipele vingi, kutoka kwenye mche ambao haukuumwa. Liache liive mpaka lianze kusinyaa mtini.

Doto hakufanya hivyo. Doto ni mtu wa nyama. Alipanda ile pilipili nyuma ya nyumba yake, katikati ya pilipili mbuzi na nyanya, akawa anaokota mbegu kwenye tunda lolote lililoiva. Miaka ikaenda. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na pilipili yake ikaanza kupoa bila yeye kuitia chochote. Nilizisikia habari hizo kwa mwendesha bodaboda mmoja. Alisema siku hizi kwa Doto mtu anakula mpaka anamaliza na anaongea kawaida. Nilirudi kwenye ile njia yangu ya zamani, nikaenda pale kibandani, nikala. Haikuwa na embe, haikuwa na ngumi. Niliagiza sahani nyingine kwa furaha. Sijawahi kula nyama choma tamu namna ile, Mungu anisamehe.

Sasa akaja afisa kilimo mpya, binti anaitwa Neema, ana pikipiki yake na anaiendesha mwenyewe mpaka vijijini. Alikuwa na kikundi cha vijana wanaotaka kuzalisha mbegu za pilipili kali na kuziuza kwenye pakiti, na alikuwa amesikia sifa za hii yetu. Alitaka mbegu safi, na alitaka kujua ilianzia kwa nani, kwa sababu jina la aliyeanzisha ndilo litakaloandikwa kwenye pakiti. Aliposema neno pakiti nilisimama kidogo nikakaa tena.

Nilimweleza asili yake kama nilivyowaeleza. Yeye akaanza mbali zaidi. Akasema pilipili zote, hii na kichaa na mbuzi na hata hoho, asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari, zililetwa Afrika na meli za Wareno. Kabla ya hapo babu zetu hawakuzijua. Akasema hata zile zinazotajwa kuwa kali kuliko zote duniani huzaliwa hivyo hivyo, mtu anachanganya mbili, anachagua, anapanda, anachagua tena kwa miaka. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo nilikuwa nashindana na Doto, na nyuma ya Doto kuna Wareno, na nyuma ya Wareno kuna watu wa Amerika ambao hata siwajui, na wote wamenitangulia. Nilimwambia, binti yangu, hayo ya Amerika tuyaache, kwenye pakiti hakuna nafasi.

Akacheka. Akasema alishapita kwa Doto, mbegu zake zimechanganyika hazifai, na Doto mwenyewe amekubali. Kama mbegu safi haipo kwetu, basi pilipili hii imekwisha. Nikamwambia mbegu safi ipo, arudi Jumamosi, na huyo Doto aje naye ashuhudie.

Jumamosi nilivaa koti. Neema alifika na Doto amekaa nyuma ya pikipiki, magoti yamemfika kifuani kwa urefu wake. Amezeeka naye, nilifurahi kuliona hilo. Nikawakaribisha uani, Mama Skola akaleta stuli na maji ya kunywa, nami nikaingia stoo kutoa mbegu. Nilijua ziko kwenye kopo la maziwa. Nikafungua kopo la maziwa, nikakuta misumari. Nikafungua la majani ya chai, nikakuta mbegu za pilipili kichaa zimeliwa na wadudu. Nikafungua makopo yote, nikahamisha magunia, nikapiga chafya mpaka Doto akauliza kutoka nje kama nahitaji msaada. Nikamwambia akae alipo.

Nilitoka na vumbi kwenye koti. Mama Skola aliingia jikoni, akarudi na kibuyu kidogo cheusi kwa masizi, kimezibwa kwa gunzi. Kilikuwa kinaning'inia juu ya meko, kwenye moshi, mahali ambapo wadudu hawafiki na mimi sifiki. Mbegu za kila msimu zilikuwemo, za yale matunda yaliyovikwa chandarua. Niwaambie ukweli, nilikuwa nikidhani vile vitambaa ni vya kuzuia kuku. Hayo yote niliyowafundisha kuhusu ua na uzi nimejifunza siku hiyo, kwa kumsikiliza akimweleza Neema.

Akamimina mbegu kidogo kwenye kipande cha karatasi, akakiweka juu ya stuli mbele ya Doto, akarudi nyuma hatua moja ili aokote. Mimi nilisimama pembeni, kifua mbele. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa nusu ya maisha yangu ya kazi. Doto aliiangalia ile karatasi, hakuigusa. Kisha akatoa mikono yote miwili, akaikinga mbele ya mke wangu.

"Mama, naomba unipe mkononi."

"Tutagombana, Doto."

"Ya kuokota imeshanigombanisha na mzee miaka yote hii. Bora hii nipewe, watu waone aliyenipa."

Mama Skola alifikiri kidogo, akaichukua ile karatasi kwenye stuli, akaiweka kwenye viganja vya Doto, mkono kwa mkono, mchana kweupe. Kwa umri wangu sijawahi kuona mtu akifanya vile kwa makusudi. Doto akainama kidogo kama mtu aliyepokea zawadi ya harusi.

Neema akatoa kalamu. Akaniangalia mimi, akauliza kama sasa aandike Mzee Kalisto.

"Andika Mama Skola," Doto alisema. "Huyu mzee alitaka kuung'oa ule mche."

Nikamwuliza nani amemwambia upuuzi huo. Akasema mama ndiye aliyemwambia, siku ile ile. Alinikuta nimekwenda Inyonga, jembe limeegemezwa ukutani karibu na mche, na mama akamwekea matunda kwenye stuli akimwambia akayapande kwake upesi, kwa sababu mume wake ameaibika mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, na akirudi tu kutoka msibani anaung'oa. Ndiyo maana Doto akaenda kuyapanda. Ile ya kuiita kwa jina lake, alisema, ilikuja yenyewe kwa wateja, na kwa kweli ilimpendeza akaiacha.

Vijana, kusema utang'oa si kung'oa. Mche ulikuwa unaziba maji ya bafuni, na mwenyekiti hakuja tena kwetu mpaka Pasaka. Mtu yeyote angesema. Na niliporudi nilikuwa na homa, nilipopona watu walikuwa wameanza kuulizia ile pilipili, sikuugusa. Nilimgeukia mke wangu ili akanushe.

"Ulisema Jumatatu," akasema Mama Skola. "Nikajua ukisema siku, unafanya."

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilimwambia Neema kwamba sisi ni nyumba moja, mtoto ni mmoja, anaweza kuandika Baba Skola, herufi hazizidi. Neema alimwangalia Mama Skola, Mama Skola akatazama kuku wake, na Neema akaandika.

Sasa pakiti zinatoka. Kuna picha ya tunda lenye mkia, na juu yake imeandikwa Pilipili ya Mama Skola. Kikundi kile kinaziuza mpaka Kigoma. Doto amepaka ubao wake upya kwa jina hilo, nyama yake imerudi kuwaliza watu, na anakuja hapa kila mara kusalimia. Desturi ilisema yeye na mke wangu watagombana. Hawajagombana mpaka leo, wanacheka kama watoto wa mama mmoja. Aliyenuna ni mimi, ambaye sikutoa wala sikupokea.

Mnaweza kudhani nimeridhika kwa sababu jina limekuja nyumbani. Sikilizeni. Kumwonea wivu Doto ilikuwa rahisi, anakaa stendi, nilikuwa nazunguka njia nyingine. Huyu nakula naye sahani moja. Naamka asubuhi namkuta anafunga vipande vya chandarua, ananiomba nimshikie uzi, nami namshikia huku moyo unawasha kuliko kitu chochote nilichowahi kutwanga. Kanisani wameanza kumwita mwalimu. Yule mwenyekiti wa jumuiya, mzee sana sasa, humshika mkono na kusema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuionja. Hata yeye ana sehemu yake katika habari hii.

Kwa hiyo acheni kusema pilipili ya Doto. Si yake. Na kama mnataka kujifunza zaidi ya haya, njooni Makanyagio, mtaelekezwa na mtu yeyote. Huwa nakaa hapa mlangoni asubuhi, kwenye kivuli. Vijana wenzenu wanafika kila siku na pikipiki, wengine wametoka Inyonga na vumbi lake lote. Wana adabu nzuri, sina malalamiko. Wanavua kofia, wanainama, shikamoo babu, naitikia marahaba, wanauliza hali yangu, nawaambia nzuri. Halafu wanachungulia nyuma ya bega langu na kuniuliza, bibi yupo?

Nawaambia yupo, nasogeza kiti wapite.